Bi. Somoe Alivyohitimu Umaskini

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa sababu sheria yake inamtaka anayeitaja awe na kibali, na kibali kinaombwa kwa simu, na simu hiyo haipokelewi. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina Wizara ya Ustawi, Huruma na Takwimu, ambayo ndiyo inayohusika na habari hii.

Zamani wazee wa nchi hiyo walikuwa wakipata posho yao kwa njia ya kishamba. Mtendaji wa kata alikaa mezani, wazee wakapanga foleni, kila mmoja akaitwa jina, akasema "Nipo," akapewa chake. Njia hiyo ilikuwa na kasoro nyingi. Mtendaji aliweza kumwona bibi amechoka akamwita mbele, na huo ni upendeleo. Aliweza kujua kwamba fulani hakuja kwa kuwa anaumwa, akampelekea nyumbani, na hiyo ni kutoa siri za watu. Aliweza pia kula za watu, na alikula, ila kwa kiasi ambacho watu walikwisha kukizoea.

Serikali ikaona hali hiyo isiendelee. Ukanunuliwa Mtambo wa Taifa wa Huruma. Siku ya kuuzindua, Waziri mwenye dhamana, Mheshimiwa Daktari Injinia Pantaleo Mgorongo, alisimama kando ya kabati kubwa la bati lenye taa za kijani, akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "huruma ya binadamu ina mipaka. Binadamu anachoka. Binadamu ana shemeji. Mtambo hauna shemeji! Kuanzia leo huruma itatolewa usiku na mchana, bila kujuana, bila kuonana, na bila mtu yeyote kuhusika."

Watu wakapiga makofi. Wengine walipiga hata kabla hajamaliza, kwa kuwa walikuwa wameletwa na basi la wizara na walitaka kuwahi kurudi.

Ili Mtambo uone vizuri, noti na sarafu zilifutwa nchini kote. Fedha zote zikahamia kwenye simu. Anayenunua nyanya analipa kwa simu, anayetoa sadaka anatoa kwa simu, na Mtambo umetulia zake chumbani kwenye kiyoyozi, unaona kila kinachoingia na kila kinachotoka. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukijua nani maskini na nani anajifanya.

Bi. Somoe Lipande wa kata ya Nambunda alikuwa maskini wa siku nyingi na wala hakuwa akijifanya. Aliishi na mumewe, Mzee Chilumba, fundi cherehani ambaye kiharusi kilimpiga akapooza upande wa kulia, ukabaki mdomo wake tu unaofanya kazi kama zamani. Posho ya Bi. Somoe ilikuwa na kazi moja kubwa: kununua vidonge vya presha vya mzee. Kilichobaki kilikuwa unga. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba vidonge visikatike, maana kiharusi kikirudi hakitaridhika na upande mmoja.

Pamoja na umaskini wake, Bi. Somoe alikuwa na cheo. Alikuwa mweka hazina wa chama cha kuzikana cha Nambunda. Mtu akifiwa, kata nzima inatuma rambirambi kwenye simu ya Bi. Somoe, na yeye ananunua sanda, mchele, sukari na kuni, mpaka marehemu anaingia kaburini kwa heshima. Cheo hicho alipewa kwa sababu moja tu. Walikuwa wamewahi kumpa mtu tajiri, na yule tajiri akajenga.

Sasa ikatokea masika moja kata ikafiwa mfululizo. Huyu hajatimiza arobaini, yule naye ameondoka. Simu ya Bi. Somoe haikupumzika, na Mtambo ukaona. Uliona bibi kizee anaingiziwa fedha na watu chungu nzima. Uliona ananunua mchele kwa magunia, sukari ya kutosha kijiji, na kitambaa cheupe kipya, tena mara kwa mara. Mtambo haukuwahi kwenda msibani. Ukamwona ni mtu wa sherehe.

Ujumbe uliingia asubuhi, naye akampelekea mumewe amsomee, maana miwani yake ilikuwa imevunjika kioo kimoja.

"NDUGU SOMOE. HONGERA! UMEHITIMU UMASKINI. POSHO YAKO IMESITISHWA ILI KUWAPISHA WENGINE. SERIKALI INAJIVUNIA MAFANIKIO YAKO."

Mzee Chilumba aliusoma mara mbili, kisha akamtazama mkewe kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe umetajirika, wala huniambii."

"Nimetajirika na nini, baba wee?"

"Ndivyo wanavyosema wenyewe, na wao wamesoma. Hebu nipe maji ya kunywa, tajiri."

Bi. Somoe alicheka, lakini alipogeuka kuchota maji alikitazama kile kikopo cha vidonge, akaona vimebaki vichache.

Akaenda kwa mtendaji wa kata, Bwana Kisinza. Meza ilikuwepo, kiti kilikuwepo, na Bwana Kisinza mwenyewe alikuwepo na mshahara wake, ila kazi yake sasa ilikuwa ni kuonyesha kwa kidole bango lililobandikwa ukutani.

"Shikamoo, Bi. Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Posho yangu imekatwa. Wananiita tajiri."

"Siruhusiwi kujua hayo, mama."

"Lakini si unanijua?"

"Nakujua vizuri sana. Wewe ndiye uliyemzika mama yangu mzazi, na deni hilo silisahau. Ila kikazi sikujui." Akainua kidole, akaonyesha bango. "Hapo pana namba ya rufaa. Rufaa ni haki yako. Mimi nikikusaidia nitakuwa nimekunyang'anya hiyo haki."

Hata hivyo alikuwa na moyo, akafunga mlango, akambonyezea. Ikaitikia sauti ya msichana, laini, sauti ya mtu ambaye hajawahi kulala njaa.

"Karibu kwenye Huruma. Kama wewe ni maskini, bonyeza moja. Kama uliwahi kuwa maskini, bonyeza mbili."

Walibonyeza mbili, maana Mtambo ulishasema.

"Tafadhali taja chanzo cha utajiri wako. Kama ni biashara, bonyeza moja. Kama ni madini, bonyeza mbili. Kama ni urithi, bonyeza tatu. Kama ni shughuli zinazokusanya watu wengi, bonyeza nne."

"Misiba ni ngapi?" Bi. Somoe aliuliza.

"Misiba haimo," alisema Bwana Kisinza. "Walioandika walikuwa vijana."

Wakatazamana. Nne ndiyo iliyokaribia ukweli kuliko zote, kwa kuwa misiba ya Nambunda ilikusanya watu wengi kweli. Bi. Somoe akaibonyeza mwenyewe, kwa kidole chake.

"Asante. Umesajiliwa kuwa Mwandaaji wa Matamasha, Daraja la Kwanza. Utakumbushwa kuhusu kodi."

Basi akarudi nyumbani akiwa na cheo cha pili, na posho hana.

Jirani yake wa karibu alikuwa Mama Rehani, muuza vitumbua, mwanamke wa maneno mengi na machozi ya karibu. Habari ilipomfikia, na ilimfikia kabla Bi. Somoe hajavua kanga ya kutokea, hakuketi. Alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba vidonge vya Mzee Chilumba vinakwisha na Serikali imemsusa. Na watu wa Nambunda, mwenzao akipatwa na jambo, hawajui namna nyingine. Hawafikirii, hawaulizi, wanachanga. Wamelelewa hivyo, na mtu mzima haachi alivyolelewa kwa sababu ya kabati la bati lililoko mjini.

Wakamtumia. Aliyekuwa nacho alituma, na asiyekuwa nacho alikopa kwa mwenzake akatuma. Simu ya Bi. Somoe ililia tangu alasiri mpaka watu wanatoka kuswali magharibi. Aliifunika kwa mto akalia kwa furaha, kisha akanunua vidonge vya mwezi.

Mtambo nao haukulala. Uliona kata nzima, maskini wake na walemavu wake, wamemwaga fedha kwa mtu mmoja kwa siku moja, bila risiti na bila mkataba. Ulitafuta kwenye kumbukumbu zake ni binadamu wa namna gani anayetumiwa fedha hivyo bila kuuza kitu. Ukapata jibu. Kesho yake Bi. Somoe alipandishwa daraja kuwa Mwekezaji. Wote waliochanga nao walipata onyo kwamba mwenye uwezo wa kutoa huenda hana haja ya kupewa, na kwamba watatazamwa upya.

Waziri alifurahi mno. Miezi yote tangu Mtambo ununuliwe alikuwa akitafuta mtu mmoja aliyetoka kwenye umaskini, apige naye picha. Alikuja Nambunda na msafara, zikafungwa turubai katika uwanja wa shule, na Bi. Somoe akawekwa kwenye kiti cha foronya nyekundu. Alikuwa amevaa gauni alilolipata msibani.

"Mtazameni mama huyu!" alisema Waziri. "Jana alikuwa akipokea posho. Leo ni Mwekezaji. Wapinzani wetu wanauliza, je, posho zinamaliza umaskini? Nawajibu kwa takwimu: tumegundua kwamba kuzikata kunamaliza haraka zaidi!"

Makofi. Kisha akampa Bi. Somoe kipaza sauti ili awaeleze wenzake siri ya mafanikio.

Bi. Somoe alikishika kwa mikono miwili. Alikuwa ameambiwa kwamba huyu ndiye mkubwa wa Mtambo, na akaona Mungu amemfungulia njia.

"Mheshimiwa, nashukuru kwa kuja. Mimi si tajiri. Zile fedha ni za kuzikia watu. Naomba posho yangu, ninunue vidonge vya presha vya mume wangu. Basi, sina lingine."

Waziri akacheka kicheko kikubwa, kikubwa kabisa, mpaka walinzi wake nao wakacheka.

"Mmemsikia? Tajiri mwingine angeomba ardhi! Angeomba msamaha wa kodi! Huyu anaomba vidonge! Huu ndio unyenyekevu tunaotaka kwa wawekezaji wetu wazawa."

Akamkabidhi cheti chenye fremu ya dhahabu. Gharama ya fremu ilikatwa kwenye simu ya Bi. Somoe papo hapo, kwa mujibu wa daraja lake. Aliona aibu, akaona hasira, na zaidi ya yote akaona ameongea Kiswahili kwa watu wa Kiswahili na hakuna aliyesikia.

Wakati turubai zinafunguliwa, alimfuata mtaalamu wa wizara, kijana mmoja mpole aliyeitwa Gerwazi. Huyu alikuwa miongoni mwa walioufundisha Mtambo kazi, na kwa sababu hiyo aliuogopa.

"Shikamoo, mama. Nimekusikia pale mbele."

"Marahaba. Wewe umenisikia?"

"Nimekusikia. Lakini Mtambo haupimi njaa, mama, hauna tumbo. Unapima simu. Simu yako inaguswa na watu wengi mno. Kwa Mtambo, maskini ni mtu ambaye hana mtu."

"Nami nina watu."

"Ndilo tatizo lako." Akatazama nyuma, akapunguza sauti. "Waambie wakuache. Wasikutumie kitu, wala wasikulipie dawa, maana dawa nayo inalipiwa kwa jina la mgonjwa na Mtambo unaona. Simu yako ikinyamaza msimu mzima, utakuhurumia wenyewe."

"Na nikituma rufaa nyingine?"

"Usitume, mama. Utaambiwa una benki."

Kikao cha chama kikakaa uani kwa Bi. Somoe. Alipowaeleza, hakuna aliyeelewa mara ya kwanza, na walipoelewa Mama Rehani aliangua kilio.

"Yaani shoga yangu anapata shida nami nimtazame tu? Nipite hapa mlangoni nimekaza shingo?"

"Mlangoni ingia," alisema Bi. Somoe. "Kwenye simu ndiko unisuse."

Wakakubaliana. Kazi ya chama ikasimama, maana yeyote ambaye angeshika hazina angetajirika, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kubaki maskini. Bakuli la unga liliingia kwa Bi. Somoe likiwa limefunikwa kwa kawa, mboga ziliingia, kuni ziliingia. Vitu hivyo Mtambo haukuvijua. Ila vidonge havichotwi kwa bakuli.

Vilipobaki vya kuhesabu, Mzee Chilumba alianza kumeza nusu, na mkewe alijifanya haoni kwa kuwa hakuwa na la kusema.

"Uza cherehani," mzee alimwambia siku moja. "Mimi sina mkono wa kushonea."

"Nikiiuza fedha itaingia wapi?"

"Kwenye simu."

"Haya."

Mzee akafikiri. "Basi mwite yule Waziri, umwambie Mwekezaji anataka kufilisika. Muulize fomu yake inauzwa wapi."

Walicheka wote wawili mpaka mzee akapaliwa. Bi. Somoe alimpigapiga mgongo na kumwambia atulie. Alimpenda mzee huyo kwa mdomo wake kabla ya kumpenda kwa kitu kingine chochote, na alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Msimu haukuwa umekwisha. Asubuhi moja alikuwa anakoroga uji jikoni, akamwita mumewe amwambie kama anataka ndimu. Mzee hakumjibu, naye hakuwa mtu wa kukosa jibu. Bi. Somoe aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akaingia chumbani, na watu wa nyumba ya tatu wakasikia sauti yake.

Nambunda yote ilikuja. Wanaume walichimba kaburi, wanawake walijaza uani na ukumbini, vijana wakatandika mikeka mpaka barabarani. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa sanda. Sanda ilikuwa dukani, mwenye duka alikuwa palepale amekaa mkekani, na hakuweza kuitoa bila kulipwa kwa simu, kwa sababu duka lake nalo lilitazamwa, na hakuna aliyekuwa na bei yake peke yake. Watu walishika simu zao mikononi wakaziangalia. Mwanamke aliyezika baba zao na mama zao alikuwa amefiwa, na wao wamekatazwa kumpa rambirambi. Wanaume wazima walikuwa wakiinamisha vichwa kwa fedheha.

Mama Rehani akamsogelea. "Tukusanye kwangu, Bi. Somoe. Nitajirike mimi, potelea mbali."

"Una mwanao hatembei. Posho yake ndiyo miguu yake. Hapana."

Hapo ndipo simu ya Bi. Somoe ikalia. Watu wakashtuka, kila mmoja akidhani kuna mtu ameshindwa kujizuia. Haikuwa rambirambi. Mtambo ulikuwa umeusoma ule ukimya wa simu, ukaona hata taarifa ya kifo iliyoandikishwa asubuhi ile haikuleta senti, ukaamua kutosubiri mwisho wa msimu. Bi. Somoe alimpa simu Bwana Kisinza asome, naye akasoma kwa sauti kwa kuwa hakujua ni nini.

"NDUGU SOMOE. TUMEJIRIDHISHA KWAMBA HUNA MTU. POSHO YAKO INAREJESHWA KUANZIA MWEZI UJAO. POLE."

Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Wengine walikuwa wamekaa juu ya vinu, wengine wamesimama nje ya ua wananyoosha shingo, na wote walisikia. Mtoto mmoja alilia akanyamazishwa.

"Soma tena," alisema Bi. Somoe.

Bwana Kisinza alisoma tena.

Bi. Somoe aliipokea simu yake, akaiweka mapajani. Posho ilikuwa imerudi. Unga wa uzeeni mwake ulikuwa ndani ya simu hiyo, na sasa hakuwa na mgonjwa wa kumnunulia dawa. Akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Nitumieni," alisema.

"Mama," alisema Bwana Kisinza, "ikiingia hata moja tu, wanakata. Na safari hii hawatarudisha."

"Nimesikia. Aliyelala ndani ni mume wangu, hazikwi kama mkiwa. Na ninyi mlionisusa miezi yote hii kwa kunipenda, kususa kumekwisha. Nitumieni."

Mama Rehani alikuwa wa kwanza. Akafuata mwenye duka, kisha Bwana Kisinza, kisha wale wa mkekani, kisha wa barabarani. Simu ililia mapajani mwa Bi. Somoe, ikalia juu ya kilio cha wanawake, na safari hii hakuifunika kwa mto. Sanda ikaletwa. Mchele ukaletwa. Mzee Chilumba akaoshwa, akavishwa, akaswaliwa na safu zilizofika hadi kwenye mashamba ya watu.

Wakati jeneza linatoka uani, Mtambo ulikuwa umeshamwandika Bi. Somoe kuwa tajiri mkubwa kuliko wote wa mkoa ule, ukampa na namba ya kukatia rufaa. Hakuipiga.